Nyumba Iliyopewa Jina la Mkwe

Nyumba yangu ina akili. Maneno hayo si yangu, ni ya mume wangu, na aliyasema mbele ya wageni siku tuliyohamia hapa Kalangalala, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika soda. "Hii nyumba ina akili," akasema. "Inasikia, inaona, inaongea." Wageni wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na sinia la pilau, gizani, kwa sababu taa ya jikoni ilikuwa inasubiri kuamrishwa na mimi nilikuwa siwezi kuiamrisha.

Ngoja nieleze, maana watu wa mtaani hapa wamenichosha kwa kuuliza.

Mimi ni Vaileth, Mama Aneth, kwetu Ushirombo. Mume wangu ni Mwigulu, Msukuma wa Mhunze kule Kishapu. Ana duara lake, yaani shimo la kuchimba dhahabu, na karasha la kusagia mawe, na Mungu amemjalia. Sasa mtu akijaliwa hapa Geita hununua gari, halafu hujenga, halafu huanza kutafuta kitu ambacho jirani hana. Jirani yetu gari alikuwa nalo na ghorofa alikuwa nayo. Basi mume wangu akamleta fundi Enock kutoka Mwanza, kijana mwenye begi la waya, akatufungia spika kila chumba, kamera kila kona, makufuli ya umeme, taa, mapazia, pampu, na friji refu kuliko mimi.

Vitu hivyo vyote vinaongea. Na si na sisi tu, vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Kamera ya getini ikiona mtu inaiambia spika, spika inaiambia taa ya baraza iwake, taa ikiwaka kufuli nalo linajua kwamba kuna mgeni. Siku moja nililiacha friji wazi nioshe rafu zake. Friji likapeleka habari kwa spika, spika ikapeleka kwa simu ya Baba Aneth, naye akanipigia kutoka machimboni: "Mama Aneth, funga friji, baridi inatoka." Jamani! Nimekaa na mawifi, nimepanga nyumba za uani zenye majirani pande zote, umbea naujua. Umbea wa friji sikuwahi kuuona.

Hayo ningeyavumilia. Tatizo lilikuwa jina.

Vile vitu havisikii mpaka kwanza uite jina la nyumba. Ukishaliita, nyumba inaitika "Nipo," ndipo unaituma. Enock alikuja na jina la Kizungu, mume wangu akalikataa. Akasema nyumba yake haitaitwa kizungu, itaitwa jina la baba yake.

Jina la baba yake! Yaani la baba mkwe wangu! Kwa Wasukuma, na hata kwetu Wasumbwa, mke hataji jina la baba mkwe. Hataji akiwa na hasira, hataji akiwa na homa. Kabla sijaolewa shangazi yangu Paskazia alinikalisha chini akaniambia, "Jina hilo lisahau kabisa, hata ukiulizwa polisi." Kule Mhunze kuna mkondo wa maji unaoitwa jina kama lile, na wanawake wote walioolewa kwenye ukoo wanauita "kule chini." Kwa hiyo humu nitakuwa nasema Fulani. Ukilitaka lenyewe, nenda Mhunze ukaulize, kwangu hutalipata.

"Baba Aneth," nilimwambia siku ile, "mimi nitawashaje taa?"

"Utazoea," akasema. "Hii ni mashine, si mzee."

"Kama si mzee, kwa nini umeipa jina la mzee?"

"Ni heshima."

Heshima! Najua kilichokuwa nyuma ya heshima hiyo. Tuna mabinti, Aneth wa darasa la nne na Justa wa chekechea. Kwa desturi mtoto wa kiume angepewa jina la babu yake, nasi wazazi tungekuwa tunamwita "Baba" ili tusilitaje ovyo. Mtoto wa kiume hakuja. Basi jina likaangukia nyumba. Mimi nilizaa mabinti, mume wangu akaenda Mwanza kununua mtoto wa kiume mwenye waya. Iliniuma sana, na sikumwambia, na kunyamaza hakukupunguza kitu.

Watoto wao hawakuwa na shida. Mjukuu na babu ni watani, jina la babu wanalichezea wanavyotaka. Asubuhi nzima ni "Fulani, weka katuni! Fulani, leo kuna mvua?" Wakienda shule na baba yao akienda duarani, mimi nabaki na nyumba yenye akili isiyonitambua. Nilijaribu kuiita Babu Aneth. Kimya. Nikaiita Baba Mwigulu. Kimya. Nikaiita kwa hasira jina la mbwa wetu. Mbwa akaja.

Nikawa namwita jirani yangu Salvina, Mama Luka, mwenzangu wa Jumuiya. "Mama Luka, njoo unisaidie kuwasha pampu." Anakuja na kanga yake, anasimama katikati ya sebule yangu, anatamka, "Fulani, washa pampu." Nyumba inaitika kwa adabu, maji yanapanda. Naye ananiangalia kwa kicheko. "Mama Aneth, kumbe mwenye nyumba ni mimi?" Halafu anaomba sukari. Nilikuwa nampa, ningefanyaje?

Mwisho nikapata akili yangu mwenyewe, isiyo ya waya. Nikamkalisha Aneth, nikamrekodi kwenye simu: Fulani washa taa ya jikoni, Fulani zima, Fulani fungua mlango wa nyuma, yote. Tangu siku ile nikawa natembea ndani ya nyumba na simu mkononi. Nikitaka taa, naielekeza simu ukutani, nabonyeza, sauti ya mwanangu inaita, nyumba inaitika. Simu inaongea na ukuta, ukuta unaongea na taa, mimi mke wa ndoa ya kanisani nimesimama pembeni nasubiri waelewane.

Tukaishi hivyo. Halafu siku moja Baba Aneth akasema, "Mzee anakuja kuiona nyumba."

Yeye alifikiri nyumba. Mimi nilifikiri ugali.

Maana baba mkwe wangu alikuwa hajawahi kula chakula changu. Tangu mwanzo hakuitaka ndoa yetu, alisema mwanawe amewaruka mabinti wote wa Kishapu akaenda kutafuta mke Ushirombo kama vile kwao ni jangwa. Harusini alikaa mwanzo hadi mwisho, akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Tukienda Mhunze mimi napika na wenzangu, na yeye kwa namna anayoijua mwenyewe anakipita chungu changu anakula cha mwingine. Hatukani, hagombi. Hali tu. Na kwao mzee akila ugali wa mkamwana ndani ya nyumba ya mkamwana, mambo yamekwisha, wewe ni mtu wa ukoo. Asipokula, wewe ni mgeni wa mwanawe, hata kama umekaa miaka na umezaa. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni.

Nikanunua kuku wa kienyeji, nikaagiza unga wa mtama, nikachuma mlenda mwenyewe. Sikulala vizuri usiku ule.

Mzee akafika jioni na basi la Shinyanga, koti lake jeusi, kofia, fimbo na begi dogo. Nikapiga magoti pale pale getini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akasema. Kisukuma hicho, mayu ni mama, na aliniita hivyo kwa upole hata nikaanza kutumaini.

Tulipoingia sebuleni, Baba Aneth hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Baba, sikiliza hii," akasema, akasimama katikati kama mshereheshaji. "Fulani!"

"Naam," akaitika mzee.

"Nipo," ikaitika nyumba.

Watoto wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, akampiga baba yake begani. "Si wewe, baba! Ni nyumba. Nimeipa jina lako. Ona. Fulani, fungua mapazia!" Mapazia yakafunguka. "Fulani, washa feni! Fulani, zima, washa tena!" Feni ikawa inazunguka na kusimama. Nyumba ikawa inajibu sawa, sawa, sawa. Ikaanza na kueleza hali ya hewa ya Geita, ambayo hakuna aliyeiuliza. Wakati huo mzee alikuwa amefungua mdomo aseme neno juu ya safari yake, na mume wangu akapaza sauti, "Fulani, hebu nyamaza!"

Nyumba ikanyamaza. Mzee naye akafunga mdomo.

Nilitamani sakafu inimeze. Mume wangu hakuona kitu. "Baba," akasema, "nyumba nzima inaitikia jina lako."

"Nimesikia," akasema mzee. "Inaitika na inatumwa."

Chakula kikaja. Kuku amenona, ugali umesimama, mlenda unavutika. Nikapiga magoti kumnawisha. Mzee akaiangalia ile birika, akaniangalia mimi, akarudisha mikono yake mapajani. "Nimeshiba, mayu."

"Baba, umesafiri tangu alfajiri, umeshiba nini?"

"Nimeshiba."

Akatoa chupa ya maji kwenye begi lake akanywa. Chupa! Nilipoiona machozi yalinijaa, nikajifanya nakwenda kuleta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Baadaye nikaenda kumwandalia chumba. Taa ilikuwa imezimwa, nikatoa simu, nikaielekeza ukutani, sauti ya Aneth ikasema inachosema, taa ikawaka. Kugeuka, mzee yuko mlangoni.

"Hiyo ni sauti ya mtoto," akasema. "Na mtoto yuko sebuleni."

"Ndiyo, baba. Nimemrekodi."

"Wewe mbona huongei nayo mwenyewe?"

Nikainamisha kichwa. Jibu lolote lingelisogelea lile jina, nikaanza kutandika kitanda. Halafu akasema tu, "Haya, lala salama, mayu," akaingia.

Asubuhi watoto wakaenda shule. Baba Aneth akanywa chai akiwa amesimama, akaingia kwenye gari, na kama kawaida yake akapiga kelele kupitia dirishani, "Fulani, linda nyumba!" Hiyo ndiyo amri anayoitoa akienda duarani, iliyoongezwa baada ya zile siku za Mama Luka na pampu, kwa sababu ya wezi, maana watu wakijua una dhahabu hawaulizi ni kiasi gani. Ukishasema vile, kamera zinaanza kumkagua kila mtu, na nyumba inasikiliza sauti za watu wake tu. Wenye nyumba inatujua kwa sura na kwa sauti, Enock alitupiga picha akatusomesha sentensi za ajabu: leo jua linawaka, mbuzi amekula mahindi. Mimi pia alinisomesha, lile jina tu ndilo nililoliruka.

Kilichotokea ni kwamba mume wangu aliitambulisha nyumba kwa baba, akasahau kumtambulisha baba kwa nyumba. Mtu aliyelelewa Usukumani, ambako hata mbuzi mgeni anaonyeshwa kwa wenyeji!

Mimi nilikuwa nje. Ninalo jiko la kuni nyuma ya nyumba, nililojenga kwa matofali yaliyobaki, kwa sababu lile la ndani linauliza maswali mengi. Nilishaamua kujaribu mara ya pili. Maji ya ugali yalikuwa yamechemka, nimeanza kusonga, simu nimeiacha ndani, chumbani kwangu, ikichaji. Nikasikia kelele, ving'ora juu ya paa, pande zote. Mapazia yakajifunga, taa zikaanza kuwaka na kuzima mchana kweupe, makufuli yakalia ka, ka, ka kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma. Na sauti ya nyumba, tulivu kama ya mtawa: "Mtu asiyejulikana yuko ndani. Ana fimbo. Ana begi. Milango imefungwa."

Nikatupa mwiko nikakimbilia mlango wa nyuma. Una nondo juu, unaona hadi kwenye korido. Mzee alikuwa katikati ya korido, koti amevaa, kofia kichwani, begi mkononi. Nikaelewa. Alikuwa anaondoka. Alikuwa anatoka kimya kimya, bila chai, bila kuaga, awahi basi. Nami niseme kweli, kwa muda mfupi nilifurahi. Nilisema moyoni, afadhali, leo haendi popote.

Furaha ile haikudumu. Mzee alikuwa anahema, mkono mmoja kifuani. Kelele zile hata mimi wa nje zilikuwa zinanitoboa kichwa.

"Baba! Baba, kaa chini! Ni mashine tu!"

"Inasema mimi nani?" akauliza.

Nyumba ikamjibu yenyewe. "Mtu asiyejulikana. Mwenye nyumba aniite kwa jina."

Mzee akaigeukia spika ya ukutani. Akajinyoosha, akalitaja jina lake, jina lake mwenyewe na la baba yake na la ukoo, kama anavyolitaja mnadani akiuza ng'ombe, na hakuna anayemuuliza kitambulisho.

"Sauti hii haijulikani," ikasema nyumba.

"Mimi?" akasema mzee. "Mimi sijulikani?" Akaipiga spika kwa fimbo. King'ora kikaongezeka.

Getini watu walikuwa wamejaa. Mama Luka alikuwa amepanda juu ya ndoo, kichwa chake kinaonekana juu ya ukuta. Alishaliita lile jina kwa yowe mara kibao, lakini pale ukutani hakuna spika ya kumsikia, na hata ingekuwepo yeye si mtu wa nyumba. Alishampigia Baba Aneth pia, na Baba Aneth alikuwa chini ya mwamba ambako mtandao haufiki. "Mama Aneth!" akanipigia kelele. "Aliyebaki ni wewe! Litaje tu, mkwe siyo Mungu!"

"Mkwe wako au wangu?" nikamjibu. "Shuka kwenye ndoo!"

Nikaigeukia ile spika ndogo iliyo juu ya mlango. Nikaiita Babu Aneth. Nikaiita mwenye ng'ombe. Nikaiita mume wa mama mkwe. Nikaiita mbwa na shetani na mtoto wa Enock. Nikaibembeleza, nikaitukana, nikaanza kulia. Nayo inarudia ile ile, mwenye nyumba aniite kwa jina, mwenye nyumba aniite kwa jina. Nilisikia harufu ya ugali unaungua nyuma yangu na sikugeuka. Nilimwona mzee amekaa juu ya begi lake, kofia imeanguka, midomo imekauka. Nikawaza, akifia humo watasema Wasumbwa wamemuua kwa nyumba.

"Mayu," akaita. Sauti ndogo. Nikasogeza uso kwenye nondo. "Litaje."

"Siwezi, baba."

"Jana nilikuona na ile simu. Nimejua." Akavuta pumzi. "Humu ndani wewe peke yako ndiye hujanituma. Litaje, mwanangu. Nimekuruhusu mimi mwenyewe."

Nikapiga magoti pale kwenye saruji, mikono nimeikutanisha kama namsalimia. Nililiita lile jina taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Mara moja tu maishani mwangu, na hiyo ndiyo mara yenyewe.

"Nipo," ikasema nyumba.

"Naam, mwanangu," akasema mzee.

Wote wawili walisema pamoja. Nami kwa kusikia ile naam nikasahau kabisa nilichokuwa natakiwa kuamrisha, nikabaki nalia kwa kwikwi, mpaka Mama Luka akapiga kelele kutoka kwenye ndoo, "Mlango! Sema mlango!"

"Fungua mlango," nikasema. "Tafadhali."

Kukawa kimya. Makufuli yakalia, mzee akausukuma mlango, akatoka kwenye jua. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kigoda changu karibu na moto, nikampa maji kwenye kikombe. Maji yangu, ya mtungi wangu. Akayanywa yote.

Akachungulia kwenye sufuria. "Hiki kilikuwa nini?"

"Ulikuwa ugali, baba."

"Songa mwingine," akasema. "Lakini si sasa. Kwanza jina langu litolewe kwenye huo ukuta. Mimi sili mahali ninapotumwa."

Nikaingia ndani nikachukua simu, nikampigia Enock. Nilimsema yule kijana mpaka nikaona haya mwenyewe. Akasema jina linabadilika, yeye atalibadilisha kutoka huko huko Mwanza, na mzee atasajiliwa, ila itachukua muda kidogo, na kwanza mzee asome zile sentensi. Mzee hajui kusoma, basi Enock akawa anamtamkia kwenye simu.

"Mbuzi amekula mahindi," akasema Enock.

"Mbuzi wa nani?" akauliza mzee.

"Wa mfano tu, babu. Sema, mbuzi amekula mahindi."

"Mbuzi wangu hawali mahindi ya watu."

"Imetosha, babu," akasema Enock, "sauti nimeipata. Haya, Mama Aneth, jina jipya ni lipi?"

Nilimwangalia mzee. Alikuwa anapangusa kofia yake kwa kiwiko, taratibu. "Nyumba hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya Baba Aneth, baba."

"Basi weka Mwigulu."

"Baba!" nikasema. "Mimi simwiti vile. Mimi namwita Baba Aneth."

"Mume si mkwe," akasema mzee. "Na mume akitumwa kidogo hafi."

Jioni ile watoto walikuwa wamerudi, nyumba imetulia, na mimi nilikuwa nimewasha taa ya jikoni kwa mdomo wangu. "Mwigulu, washa taa." Ikawaka! Nikasema, "Mwigulu, zima." Ikazima. "Mwigulu, washa tena." Niseme nini, nilirudia mpaka Aneth akaja kuniuliza kama ninaumwa. Halafu nikaandaa meza. Kuku yule yule nimempasha moto, mlenda mpya, ugali wa mtama unaofuka. Nikapiga magoti na birika. Mzee akakunja mikono ya koti, akanawa. Akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba. Akalitia kwenye mlenda, akala.

Hapo hapo honi ikalia getini. Spika ya sebuleni ikatuletea sauti ya Baba Aneth, imechoka, imejaa vumbi la karasha: "Fulani, fungua geti!" Kimya. "Fulani! We, Fulani! Fungua geti, umelala?"

Watoto wakaziba midomo. Mzee akainua kichwa, tonge mkononi.

"Nani huyo ananiita barabarani?"

Sauti ya getini ikashuka. "Baba?"

"Nauliza, unamwita nani?"

"Naita nyumba, baba."

"Nyumba haina jina hilo. Mwenye jina hilo yuko huku anakula. Salimia."

Honi haikulia tena. Halafu ikaja sauti niliyokuwa sijaisikia tangu tulipochumbiana. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema mzee. Akalila lile tonge bila haraka, akameza. Ndipo akaugeukia ukuta. "Mwigulu, fungua geti."

"Nipo. Nafungua geti," ikasema nyumba.

"Baba, nitafunguaje na mimi niko nje?" akalalamika mume wangu.

Geti likafunguka. Mzee hakugeuka hata kulitazama. Akanisogezea bakuli lake.

"Mayu," akasema, "niongeze mlenda."